Bi Tone na Chupa Namba Tisa: Maisha ya Bibi Yetu, 1952–2024

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye kiwandani, asanteni kwa kufika. Bibi yetu, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Bi Tone, leo tumemleta kwenye kitu alichokifahamu kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, nacho ni udongo. Kwa miaka thelathini na mitano aliuuliza udongo swali lile lile, kwamba wewe maji unayapenda au unayakataa, na udongo haukuwahi kumnyima jibu. Mimi ni mjukuu wake wa tatu. Nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu kitabu chake cha vipimo ninacho mimi, na kwa sababu aliacha sharti moja kuhusu wasifu huu. Nitalitaja likifika mahali pake. Bibi hakupenda mtu aruke hatua.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1952, katika chumba cha mwisho cha nyumba ndefu ya wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa mchomaji wa tanuri. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea mlangoni ili apate mwanga. Uwanja wa nyumba ile ulikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha, udongo uliyanywa maji upesi kila mahali, isipokuwa pale malori yalipoegeshwa na kudondosha mafuta. Hapo maji yalibaki juu, yamejikunja kama shanga. Siku moja, akiwa na miaka mitano, alitumwa chumvi. Alirudi baada ya saa mbili bila chumvi, sketi imejaa matope, na habari moja tu mdomoni, kwamba maji yamegoma kuingia. Mama yake akamuuliza chumvi iko wapi. Akajibu kwamba chumvi ipo dukani haiendi popote, lakini maji yale yatakauka. Dada yake mkubwa, ambaye yupo nasi hapa mstari wa mbele, anasema ndiye aliyetumwa tena hiyo chumvi, na shukrani yake anaingoja mpaka leo.

Alianza masomo Januari 1960, katika shule ya msingi ya madarasa saba iliyopakana na stesheni, ambako treni ikipita mwalimu alinyamaza na darasa zima likanyamaza naye. Ripoti zake zilisema karibu maneno yale yale kila muhula: ana akili, ila anauliza mno. Alipokuwa darasa la saba, mwalimu aliandika ubaoni "Udongo uwahi ungali maji" akataka maana. Wenzake walisema mtoto afunzwe akiwa bado mdogo, na walikuwa sahihi. Yeye akasimama, akauliza ni udongo gani unaosemwa, maana upo mwingine hauwi maji hata uumwagie ndoo nzima. Darasa lilicheka. Mwalimu akamwamuru abaki amesimama hadi kengele. Lakini kesho yake mwalimu yule yule alikuja na mabonge mawili ya udongo, moja limepakwa mafuta ya taa, akamkabidhi kopo la maji mbele ya wote. Bibi alisema hiyo ndiyo siku aliyojua kwamba hata mtu mzima anaweza kulala na swali la mtoto akaamka nalo.

Alisoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha akaingia chuo cha ufundi wa maabara, darasa la watu ishirini na sita ambalo wasichana walikuwa wawili. Alipata stashahada yake Desemba 1973.

Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika kiwanda cha kusindika udongo. Maabara ilikuwa chumba kirefu, madirisha upande mmoja yakitazama uwanja wa magunia, vumbi jeupe limetanda hadi kwenye vitasa vya milango. Kulikuwa na sinki la mabomba mawili, na moja kati yake halikuwahi kufungika kwa miaka yote aliyofanya kazi pale. Mizani iliwekwa ndani ya kisanduku cha kioo ili pumzi ya mtu isiitikise. Kazi yake ilikuwa kutandaza udongo juu ya kipande cha kioo, kuukausha, kuweka tone moja la maji, kisha kuchungulia kwa lenzi na kupima pembe pale ukingo wa tone unapogusana na udongo. Wafanyakazi wa mashine walipita dirishani wakamwona ameinama hivyo asubuhi na mchana, jina la Bi Tone likazaliwa. Hakulikataa. Alisema wapo wanaoitwa mabaya zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu mambo haya yalinisisimua tangu siku ya kwanza aliponieleza, nikiwa na miaka tisa, na bila kuyajua hamtaelewa yaliyompata. Udongo wenyewe, kabla ya kutiwa kitu, hupenda maji. Ukiuwekea tone, tone hulala chali, pembe yake digrii ishirini au pungufu. Lakini kiwanda kiliuza udongo kwa watengeneza rangi za mafuta na kwa watu wa kunyonya mafuta yaliyomwagika, nao walitaka udongo usiopenda maji. Kwa hiyo ulitiwa dawa. Bibi alisema ichukulie kila chembe ya dawa kuwa kiluwiluwi. Kina kichwa na kina mkia. Kichwa hupenda maji, na pia huvutwa na udongo kama chuma kwa sumaku. Mkia ni wa mafuta, na maji hauyataki kabisa. Ukimwaga viluwiluwi kwenye udongo, vyote vinakimbilia kubandika vichwa, na mikia inabaki nje. Tone likija linakutana na mikia mitupu. Halina pa kushika, basi linakaa wima, digrii tisini, hata mia. Udongo ule ule wa jana, na leo umekuwa mgeni kwa maji. Nilimwambia haiwezekani. Akanipa chupa ya dawa ya macho iliyojazwa maji akaniambia nidondoshe mwenyewe.

Kuhusu ndoa, Bibi hakuificha. Mwaka 1977 lenzi ya maabara ilipasuka, akatumwa aipeleke kwa fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya soko la nguo. Fundi yule, kijana mwenye kioo kidogo cha kukuzia kimeng'ang'ania jichoni kama kimeota, alimuuliza anatazama nini kwa lenzi kubwa namna hii. Akasema anatazama tone. Kutwa nzima? Kutwa nzima. Fundi akasema basi tumelingana, maana mimi kutwa nzima natazama sekunde. Lenzi ilimchukua wiki tatu. Miaka mingi baadaye babu alikiri kwamba ilikuwa kazi ya nusu saa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wawili: mwana wa kiume mwaka 1979, ambaye kwetu ni Mjomba, na binti mwaka 1984, ambaye ni mama yangu. Babu alitutoka mwaka 2011. Saa yake ya ukutani bado inatembea, na bado inatangulia dakika nne, kwa sababu Bibi alikataa fundi mwingine aiguse.

Sasa nafika mwaka 1991. Wale mliokuwa kiwandani mnaujua upande mmoja wa habari hii.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 1991, Bibi aliandaa chupa kumi na mbili za udongo. Zote zilikuwa na udongo wa kipimo kimoja, na kila moja ilitakiwa kupata dawa ya kipimo kimoja. Kesho yake alipopima, chupa kumi na moja zilitoa tone lililokaa wima. Chupa namba tisa ilitoa tone lililolala, digrii thelathini na nane. Udongo uliokuwa umetiwa dawa ulikuwa umerudia kupenda maji. Aliandika namba hiyo kwenye kitabu cha vipimo cha maabara. Mkuu wa maabara, mtu wa haraka na mwenye kalamu nyekundu iliyoogopwa, alimuuliza amefanya nini. Akajibu amefuata maelekezo. Mkuu akapiga mstari juu ya ile thelathini na nane, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sampuli zilichanganywa." Yaani Bi Tone alipachika udongo usiotiwa dawa mahali pa uliotiwa. Kwa fundi wa maabara hilo ni sawa na kuambiwa hujui kusoma. Aliondolewa kwenye lenzi akapelekwa kuosha chupa, akaziosha miaka miwili. Alirudishwa kwa sababu waliompokea kazi walishindwa, lakini mstari ule mwekundu ulibaki kitabuni na ulibaki rohoni mwake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 na vitabu vikarundikwa uwanjani vichomwe, Bibi alichukua kimoja tu, kitabu namba kumi na nne, akaja nacho nyumbani kwenye kikapu cha sokoni.

Mei 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Alituambia ni uzee, na kwa mzaha akasema yeye sasa amekuwa ule udongo wa magunia ya kijivu unaovimba ukionja maji. Hospitali walituambia ni figo. Kuanzia hapo alikwenda kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kwenye kiti cha buluu karibu na dirisha, na maji ya kunywa akapimiwa vikombe vitatu vidogo kwa siku. Bi Tone akapimiwa maji. Alilifikiria jambo hilo kwa muda kisha akacheka mwenyewe, akasema angalau amepata daktari anayejua kipimo.

Novemba 2023 shule zilipofungwa, aliniita chumbani akanipa kitabu namba kumi na nne, ukurasa wa sitini na mmoja. Nikauona ule mstari mwekundu. Aliniambia jambo moja tu, kwamba hakuchanganya sampuli, na kwamba angependa tone lile lilale tena kabla yeye hajalala. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo wa kiwanda. Dawa ya kiwanda hatukuwa nayo, ila alisema dawa ya kulainisha nguo ni binamu yake, ina vichwa na mikia ile ile pamoja na manukato ya bure. Basi jiko letu likawa maabara. Nilikoroga udongo na maji, nikatia kifuniko kimoja cha dawa ya nguo, maana kitabu kilielekeza kipimo kimoja, nikauacha utulie, nikausuuza mara moja, nikautandaza juu ya kisahani cha kioo, nikaukausha juani. Kisha tone. Nilipiga picha kwa simu nikiwa nimelaza shavu mezani, nikaweka kipimapembe juu ya kioo cha simu. Digrii tisini na tano. Tone limekaa kama limealikwa.

Nikarudia mara kumi na moja. Mara zote lilikaa. Mama alianza kuuliza ni nani anakunywa dawa yake ya nguo. Mimi sikujali dawa, nilikuwa naogopa jambo jingine. Ikiwa tone halilali kamwe, basi Mkuu alisema kweli, na Bibi alichanganya, na ameishi miaka thelathini na miwili akijidanganya. Nani amwambie? Nilizificha picha siku nne. Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Nilikaa kando ya kiti cha buluu, mashine inazunguka, nikamwambia.

"Bibi, tone halilali. Nimejaribu mara kumi na moja."

"Umetia vifuniko vingapi?"

"Kimoja. Kama kitabu kinavyosema."

Aliyageuza macho kutoka dirishani, akanitazama mimi.

"Kitabu nilikiandika mimi," akasema. "Tia viwili."

Ndipo akanieleza yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata babu. Alhamisi ile alikuwa ametia dawa kwenye chupa namba tisa na anainua kalamu aweke alama ya vema, simu ya maabara ikalia. Ilikuwa shule. Binti yake wa miaka saba ameanguka kwenye bembea na mkono umevunjika. Aliongea, akamtuma mumewe hospitali, akarudi mezani mbio ili amalize awahi kuondoka. Chupa namba tisa haikuwa na alama. Akatia dawa. Aliweka vema moja kwa dawa mbili. Alilikumbuka jambo hilo jioni, akimlisha mtoto mwenye mkono wa plasta, kijiko kikiwa njiani. Na kesho yake tone lilipolala, alijua papo hapo sababu. Viluwiluwi vya kwanza vilibandika vichwa kwenye udongo, mikia nje. Viluwiluwi vya pili vilikuta vichwa havina nafasi, vikaingiza mikia yao katikati ya mikia ya wenzao, na vichwa vyao ndivyo vikabaki nje. Na vichwa hupenda maji. Dawa ikizidi, inajitengua yenyewe. Aliniambia kwamba asubuhi ile, akiwa ameinamia lenzi, alitaka kupiga kelele za furaha, na katika pumzi ile ile alitaka ardhi immeze. Kwa sababu kueleza alichogundua ilikuwa lazima kwanza aeleze alichokosea.

"Mkuu alinibambikia kosa nisilolifanya," akasema, "nami nikajificha ndani yake ili lisionekane lile nililolifanya."

Alisema kilichomuuma si kuosha chupa. Mwaka 1994 magunia arobaini yalirudishwa na watengeneza rangi kwamba udongo unanywa maji. Kiwandani walikaa kikao siku mbili kutafuta sababu. Bibi alikuwa mle kikaoni. Alijua kuwa watu wa mashine walizidisha dawa wakidhani wanatenda wema, na angeweza kusema kwa sentensi moja. Hakusema. Mwishowe kikao kiliulaumu unyevunyevu wa ghala.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikaandaa visahani sita: usio na dawa, nusu kifuniko, kifuniko kimoja, kimoja na nusu, viwili, vitatu. Ijumaa nilivibeba ndani ya sanduku la viatu hadi chumba cha mashine. Nesi alisema hapa si jikoni, kisha akauliza ni vya nini, kisha akaleta meza yenye magurudumu. Mgonjwa wa kiti cha pili, dereva wa lori mstaafu, aliposikia habari alishika upande wa kwamba dawa ikizidi tone litakaa wima zaidi, maana dawa ni dawa. Bibi akamwambia, "Haya dereva, shika usukani," akampa yeye chupa ya dawa ya macho. Akadondosha. Kisahani cha kwanza lililala. Cha pili likainuka kidogo. Cha tatu likakaa kama shanga, dereva akatutazama kwa ushindi. Cha nne likaanza kulegea. Cha tano akadondosha, na tone likaguswa tu na udongo, likajinyoosha, likalala. Cha sita hivyo hivyo. Chumba kizima kilikuwa kimeinua shingo, watu saba na mashine zao. Dereva alisema hii safari amepotea njia. Nikapima: digrii arobaini na moja. Bibi alikuwa na thelathini na nane mwaka 1991, kwa dawa nyingine na lenzi ya kweli. Aliishika simu yangu kwa mikono yote miwili, hakuwa anacheka wala kulia, alikuwa anatazama kama alivyotazama uwanjani akiwa na miaka mitano.

Kisha akasema aitwe Mkuu.

Alikuja Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, mzee wa miaka themanini na mitatu mwenye fimbo na koti lililopigwa pasi. Bibi hakuzunguka. Alimwambia, "Mkuu, nilikudanganya," akamweleza yote, na simu, na bembea, na magunia arobaini. Mkuu alisikiliza akichorachora sakafu kwa ncha ya fimbo. Mwishowe alisema, "Bi Tone, miaka thelathini na miwili, leo ndiyo unaniambia?" Akaomba kitabu aufute ule mstari hapo hapo, yaishe.

Bibi akakataa. Alivuta kitabu akakikalia.

"Sitaki kuaminiwa, Mkuu. Nataka kupimwa. Dondosha mwenyewe."

Mkuu akaishika chupa ya dawa ya macho. Tone la kwanza liliangukia kitambaa cha meza. La pili liliangukia kiatu chake, na kiatu kilikuwa na rangi mpya, basi lilikaa wima vizuri sana, na Bibi akamwambia kiatu hakihitaji dawa zaidi. La tatu liliangukia kisahani. Likalala. Mkuu aliinama hadi miwani ikakaribia kulowana. Alipoinuka alisema jambo ambalo Bibi hakulitegemea. Alisema mwaka ule hata yeye hakulitazama tone. Aliitazama namba, akaona haifanani na nyingine, na alikuwa anawahi kufunga ripoti. Laiti angeinama kwenye lenzi mara moja angeuliza maswali zaidi, na pengine Bi Tone angejibu. Bibi alisema pengine. Wakatazamana kama watu waliokuta deni lao la kale limegawanyika sawasawa.

Mkuu aliomba kalamu. Nilikuwa na ya buluu tu, ya shuleni. Alisema hapa palitaka nyekundu, lakini akaipokea. Akayakata maneno yake mwenyewe, akaandika chini yake, mstari umepinda lakini unasomeka: "Sampuli hazikuchanganywa. Dawa iliwekwa mara mbili. Tone lililala." Akatia sahihi. Bibi naye akatia sahihi chini ya ile ya Mkuu, akaisoma sentensi ya katikati kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayeonja kitu.

Jioni ile ndipo alipotoa sharti lake. Alisema: "Siku ya kunisoma msinirembe. Mkisoma kwamba nilikuwa mwema, someni na chupa namba tisa. Bila lile kosa hamna ule ugunduzi, na nimechoka kuvitenganisha."

Lazima niseme kwamba jambo hili halikupita hivi hivi nyumbani. Juzi kwenye kikao cha familia Mjomba alisema, kwa uchungu, kwamba mazikoni watu hawasomi makosa ya mama yao. Alisema wapo waliofanya naye kazi wanaomheshimu, kwa nini tuwape la kusema? Alisema kwa mapenzi. Mama hakuwa amejua, maisha yake yote hadi aliposikia habari ya bembea, kwamba mkono wake ulikuwa ndani ya kitabu namba kumi na nne. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto mezani, ule usionyooka sawasawa hadi leo. Akasema, "Kaka, mkono ni wangu. Isomwe." Mjomba akaushika. Ndiyo maana nasoma. Kuteleza si kuanguka, lakini mtu akitaka kutuonyesha pale alipoteleza ili tusiteleze, tusimfunge mdomo akiwa ameshafumba macho.

Mwezi wake wa mwisho alikuwa mchovu, lakini aliniulizia visahani kila nilipotoka shule. Tulijaribu udongo mweupe, ambao ulishiba dawa upesi kuliko ule wa kijivu, naye akasema andika, usiamini kichwa. Tulijaribu kutia chumvi kwenye maji kwanza. Majibu ya chumvi bado sijayaelewa. Aliniambia ni vizuri, nibaki na kitu.

Alituaga Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa nne na robo asubuhi, nyumbani, kitandani mwake, dada yake akiwa amemshika mkono na Mama akimlowesha midomo kwa pamba. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi sita na siku ishirini na sita.

Ameacha dada mmoja, watoto wawili, mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajukuu watano, Mkuu wake wa zamani ambaye ameomba ahesabiwe humu nasi tumekubali, kitabu namba kumi na nne, na kopo la maziwa lenye udongo uliofika nusu.

Jana mchana Mkuu na mimi tulikuja hapa. Wachimbaji walituruhusu tukachukua udongo kiganja kimoja kutoka chini kabisa. Tuliutandaza kwenye kisahani, tukaukausha juani, tukaweka tone. Mkuu ndiye aliyedondosha, na safari hii halikumponyoka. Tuliinama wote wawili kutazama kabla ya kupima. Digrii kumi na nane. Huu haujaguswa na dawa yoyote, Bibi. Mvua ikija utaipokea, na haitabaki juu. Lala humo kwa amani, Bi Tone. Tone limelala.